KADI YA BIASHARA: UKIKOSEA NAMBA MOJA TU, KAZI IMEKWENDA

 

Leo naomba tuongelee kitu kidogo ambacho wengi tunakidharau: kadi ya biashara, ile bizinesi kadi ya kuweka kwenye waleti. Nianze na kisa changu, maana ndicho kilichonifungua macho.

Kaka yangu ni fundi seremala hapa Igwachanya. Nilipomaliza kidato cha nne nikajifanya mtaalamu wa kompyuta, nikamtengenezea kadi 100. Tukachapisha Makambako, zikatoka bomba. Akampa moja mgeni wa Mbeya aliyeyapenda makabati yake. Yule bwana alitaka vitanda sita vya gesti, wakakubaliana bei, akasema akifika nyumbani atapiga simu na kutuma advansi. Bro kwa furaha akakopa kwenye kikoba, akanunua mbao.

Kimyaaa. Baada ya wiki tatu mgeni akapita tena: "Fundi, nimekupigia sana, anapokea mama mmoja anasema nimekosea namba." Vitanda alishanunua kwingine. Kuangalia kadi, nimeandika 6 badala ya 9. Mimi mwenyewe! Mbao tuliziuza kwa hasara ili kurudisha hela ya kikoba.

KADI NI YA NANI?

Jirani hahitaji kadi. Akitaka fundi anamuuliza mtoto yeyote, anapelekwa mpaka mlangoni. Kadi ni ya mtu anayeondoka. Igwachanya ni makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe, iliyoanzishwa 2012, hivyo watumishi wanahamia na kuhama, na wageni wa kikazi hawakosi. Makambako ndiyo usiseme: barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inakutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni pale. Mteja anakuona dakika tano, kesho yuko Tunduma.

UANDIKE NINI?

1. Jina na kazi. "Fundi seremala: vitanda, makabati, milango" inatosha, mtu anaelewa hapo hapo. Usijiite "Limited" kama hujasajili kampuni BRELA. Hata jina la biashara ambalo si jina lako mwenyewe linatakiwa kusajiliwa huko huko.

2. Simu. Tenganisha tarakimu tatu tatu baada ya nne za mwanzo, zisomeke. Kwa wateja wa nje ya nchi, toa sifuri ya mwanzo uweke +255. Na tangu 2017 unaweza kuhama mtandao bila kubadili namba, kwa hiyo kuhama tu kusikufanye utupe kadi zako.

3. Mahali. London ya miaka ya 1700, kabla nyumba hazijawekewa namba, wenye maduka waligawa kadi zinazoeleza alama ya duka na jinsi ya kufika. Sisi nasi andika alama inayojulikana: karibu na shule gani, mkabala na nini. Kama una namba ya nyumba ya anwani za makazi, iongeze.

Nyuma acha wazi. Hapo fundi anaandika kwa peni vipimo na bei mliyoelewana. Kadi yenye hesabu ya mteja mwenyewe haitupwi ovyo.

KUCHAPISHA

Saizi ya kawaida ni milimita 85 kwa 55. Karatasi moja ya A4 inatoa kadi 10, kwa hiyo kadi 100 ni karatasi 10 tu. Tumia manila, gramu 250 hivi kwa mita ya mraba. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80, inajikunja haraka. Uliza kwanza kama printa yao inapitisha manila. Wino wa maji ukilowa unachuruzika, na mvua za huku mnazijua. Printa ya leza inatumia wino wa unga unaogandishwa kwa joto, huo unavumilia.

Sasa sikiliza kwa makini wewe uliyekaa kwenye kompyuta ya kafe, maana ndiye utakayeombwa kuwachapia mafundi na mama lishe. Toa kadi MOJA kwanza. Chukua simu, piga namba ukiisoma kwenye hiyo kadi, sio kwa kichwa. Simu ya mwenye biashara iite palepale. Ndipo uchapishe zilizobaki. Ni dakika moja tu, sisi hatukuitumia.

KUGAWA

Usizimwage stendi kama vipeperushi vya mkutano. Mpe mtu aliyeona kazi yako au aliyeuliza bei. Wajapani wanakabidhi kadi kwa mikono miwili, na kwetu mkubwa anapewa kitu kwa heshima hiyo hiyo, kwa hiyo hatuna cha kujifunza upya.

La mwisho, na ndilo lililotuuma zaidi: ukitoa kadi, omba na namba ya mteja. Bro angekuwa na namba ya yule bwana, kosa langu lisingetuua. Siku hizi ana daftari, anaandika kwanza ya mteja halafu ndio anatoa kadi.

Wadau wa Makambako, Njombe mjini na Ilembula, nanyi tupeni uzoefu hapo chini. Matusi hapana.

Nawasilisha.