Fizikia ilipita relini kabla ya kuingia darasani

Wapenzi wasikilizaji wa Lubunga, na ninyi ndugu mlioacha nyumba zenu tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipowaka: mama mmoja aliyehama ameniuliza swali. Mtoto wake yuko darasa la saba, na daftari lake limejaa habari za nguvu, kani na shinikizo. Fizikia hiyo itamfaa nini mtoto asiye hata na kitanda? Nilimjibu haraka, vibaya. Leo najaribu tena.

Fizikia si mgeni kwetu. Reli ya kutoka hapa ng'ambo ya kushoto hadi Ubundu, kilomita 125, ilifunguliwa mwaka 1906, wakati wa Mfalme Leopold. Kwa nini ijengwe? Kwa sababu kati ya Ubundu na sisi mto unashuka takriban mita 60 katika maporomoko saba ya Boyoma, na meli haiwezi kuyapanda. Basi mizigo ilishushwa melini ikapakiwa kwenye garimoshi. Moto unachemsha maji, mvuke unasukuma pistoni, magurudumu yanazunguka. Babu zetu walioweka mataruma na kulisha ule moto waliona joto likigeuka mwendo kila siku. Aliyewaeleza kwa nini, hakuna. Shule ya kikoloni iliwapa dini, kusoma, hesabu kidogo na kazi za mikono. Masomo kamili ya sekondari yalianza kufunguliwa kwa Wakongo baada ya mageuzi ya 1948, tena kwa wachache.

Halafu sikieni ajabu. Mwaka 1959, chuo kikuu cha Lovanium kule Léopoldville kilipata kinu cha nyuklia, cha kwanza Afrika. Mwaka uliofuata tukapata uhuru, na Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika hata 30 katika nchi nzima! Waliezeka paa kabla ya kuchimba msingi. Msingi ni huyu mtoto wa darasa la saba.

Baada ya uhuru walimu wa sekondari walitafutwa kila mahali. Wengi walitoka Haiti. Mwaka 1963 chuo kikuu kikafunguliwa hapa kwetu, wakati mji ungali unaitwa Stanleyville. Ndicho mzazi wa UNIKIS ya leo. Lakini katika shule nyingi za chini fizikia ilibaki ya chaki: mwalimu anachora mizani ubaoni, wanafunzi wanaichora daftarini, na mizani yenyewe hawaioni.

Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo. Ila somo moja nililipata nje ya shule, Juni 2000, siku sita ambazo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Tukiwa tumelala chini, kaka yangu alinifundisha kuhesabu: ukiona mwanga, anza, ukisikia mlio, acha. Sekunde tatu, bomu liko kama kilomita moja. Miaka baadaye mwalimu aliandika ubaoni kwamba sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde, nikashtuka. Nilikuwa nalijua tayari, kwa hofu.

Sheria ya Februari 2014 iliingiza darasa la saba na la nane katika elimu ya msingi ya miaka minane. Kisha, kuanzia 2018, ikaja programu mpya ya sayansi inayomtaka mwalimu aanze na jambo ambalo mtoto analijua maishani, ndipo afike kwenye kanuni. Kwa maoni yangu, hapo serikali ilipatia. Nimemwona mwalimu mmoja wa huku kwetu akitoboa chupa tupu ya plastiki matundu matatu, moja juu ya lingine, akaijaza maji. Tundu la chini lilirusha maji kwa nguvu kuliko la juu. Kwa nini? Msichana mmoja aliyehama alijibu kwamba chini maji yanabeba uzito wa maji yaliyo juu yake. Alikuwa ameona hivyo kwenye pipa lililotoboka pale wanapoteka maji. Hilo ndilo shinikizo, na halikugharimu makuta hata moja.

Kinachogharimu ni kiti cha darasani. Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 yalihusu madarasa sita ya kwanza tu. Kwa hiyo mtoto anamaliza la sita bila kulipa, anaingia la saba, mahali fizikia inapoanzia, na hapo anadaiwa. Sheria inasema elimu ya msingi ni miaka minane. Mfuko unahesabu sita. Yule msichana wa pipa, nilipopita tena baada ya wiki mbili, alikuwa amerudishwa nyumbani kutafuta ada.