Cheti cha mgambo na bunduki ya lindoni

Wale tuliosoma riwaya za kipelelezi tukiwa tumezificha ndani ya daftari la hesabu tunamjua Joram Kiango. Mpelelezi wa kujitegemea, mtanashati, hodari wa bastola. Marehemu Ben Mtobwa alituzungusha naye huku na kule, lakini sikumbuki hata ukurasa mmoja ambapo Joram yuko kituo cha polisi, fomu mkononi, akiulizwa: wewe kijana, kulenga shabaha ulifundishwa wapi?

Wandugu, leo nalifuata swali hilo. Wapelelezi wa aina ya Joram hatunao hapa Miembeni, Bukoba. Tulio nao ni ndugu zao wa karibu, walinzi wa kampuni binafsi, wanaokaa lindoni usiku kucha na shotigani mapajani. Nao walifundishwa wapi?

Nianzie mbali kidogo. Mwaka 1890 mambo mawili yalitokea. Mwezi Julai wakubwa wa dunia walitia saini Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupiga vita biashara ya utumwa ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Mwaka huohuo Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, akapiga kambi kando ya ziwa, na kambi hiyo ndiyo ikawa mji wetu wa Bukoba. Kwa hiyo mji huu na udhibiti wa bunduki ni umri mmoja! Ila udhibiti wenyewe ulihusu NANI ashike bunduki. Anajua nini kuhusu hiyo bunduki, hilo halikuwa swali.

Walioruhusiwa kuzishika walikuwaje? Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa wakaivamia Bukoba. Miongoni mwao kulikuwa na kikosi cha ajabu, 25th Royal Fusiliers, kilichojaa wawindaji na watu waliozurura dunia nzima. Frederick Selous alikuwemo, akiwa na miaka 63, yule ambaye baadaye pori la Selous lilipewa jina lake. Kwa shabaha huwezi kuwafundisha kitu watu hawa. Waliuchukua mji kwa siku mbili, wakaangusha mlingoti wa redio ya Wajerumani, kisha wakaupora mji. Wakaondoka zao. Kujua kulenga ni kitu kimoja, kujua unachoruhusiwa kufanya na bunduki ni kitu kingine kabisa, na mji wetu ulionyeshwa tofauti hiyo mapema sana.

Sasa turuke hadi 1971. Januari ya mwaka ule Idi Amin alimpindua Obote, na miezi miwili kabla yake Wareno walikuwa wameishambulia Guinea. TANU ikatoa Mwongozo, na ndani yake ikasema ulinzi wa nchi hauwezi kuwa kazi ya jeshi peke yake, wananchi wafunzwe mgambo. Watu wa Ziwa Magharibi (ndivyo mkoa huu ulivyoitwa hadi 1979) hawakuhitaji kushawishiwa sana. Septemba 1972 ndege za Amin ziliidondoshea Bukoba mabomu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yakavuka mpaka, na Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa.

Vita ile ilikuza jeshi letu kutoka watu chini ya 40,000 hadi zaidi ya 150,000, na inakadiriwa kama 40,000 kati yao walikuwa mgambo. Wakulima wa migomba, makarani, vijana wa minadani. Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mafunzo yao yalikuwa yamefanya kazi iliyokusudiwa, hakuna ubishi.

Lakini mafunzo yalikusudiwa adui wa aina gani? Mgambo hufundishwa kwata, kufungua bunduki na kuifunga, kuisafisha, kutambaa, kulenga. Adui yuko mbele, wenzako wako kulia na kushoto, na kamanda yupo wa kusema piga au usipige.

Vita ikaisha, hali ya maisha ikawa ngumu, ujambazi ukapanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi wakaanzisha sungusungu, na mwaka 1989 Bunge likawatambua kwa kurekebisha sheria ileile ya mgambo. Ukaja uchumi wa soko, na kampuni binafsi za ulinzi zikaongezeka. Huku Kagera, baada ya wakimbizi wa Rwanda kumiminika Ngara Aprili 1994, silaha za kivita zikaanza kuonekana mikononi mwa majambazi. Mabasi yaliyopita mapori ya Biharamulo yakawa yanasindikizwa na polisi wenye bunduki. Mwenye duka alitaka mlinzi mwenye zaidi ya kirungu.

Kampuni zingemtoa wapi? Zilimkuta tayari. Tangazo la kazi ya ulinzi mpaka leo lina sentensi ileile: awe amepitia mgambo au JKT. Serikali iligharamia, kampuni ikavuna. Cheti cha vita kikawa cheti cha lindo bila mtu yeyote kukaa chini na kuamua iwe hivyo.

Nina jirani hapa Miembeni, mzee wangu wa heshima, ambaye cheti chake cha mgambo amekitunza ndani ya nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mkewe. Saa 12 jioni anasaini daftari, anapewa shotigani na risasi chache, asubuhi anarudisha. Nilimwuliza mara ya mwisho kufyatua ilikuwa lini. "Mwanangu," akaniambia, "siku ya kumaliza mafunzo." Hiyo ni zaidi ya miaka 20. Nikamwuliza tena: mlevi akiruka ukuta saa nane usiku, unafanyaje? Akacheka. Akasema anaomba Mungu asiruke.

Sheria yetu inaruhusu mtu kujitetea na kutetea mali, ila kwa nguvu isiyozidi hatari iliyopo. Mzee yuko peke yake gizani, hana kamanda, na sekunde mbili za kuamua. Akikosea ni kesi ya mauaji, na atakayesimama kizimbani ni yeye.

Wamarekani jambo hili liliwagharimu. Julai 1892, huko Homestead, Pennsylvania, watu kama 300 wa kampuni ya upelelezi ya Pinkerton walipelekwa kwa majahazi kuvunja mgomo wa wafanyakazi wa chuma. Watu wakauana. Mwaka uliofuata serikali kuu ilikatazwa kisheria kuajiri watu wa namna hiyo. Baadaye majimbo yalikuja na masharti yao. California inamtaka mpelelezi binafsi au mlinzi anayetaka kubeba bunduki kazini asome saa 14, na saa nane kati ya hizo ni darasani, sheria na maadili yakiwemo. Angalia hesabu hiyo vizuri: darasa limepewa muda mrefu kuliko uwanja wa shabaha.

Sisi tulichelewa lakini tulifika. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyofuta ile ya 1991, inamtaka anayeomba leseni awe na cheti cha umahiri. Kabla ya hapo mkazo ulikuwa tabia yako: barua ya mtaa, kamati za ulinzi na usalama, polisi. Wakenya mwaka 2016 walitunga sheria inayowaweka walinzi na wapelelezi binafsi chini ya mamlaka moja, kama Afrika Kusini ilivyofanya 2001.

Cheti cha umahiri ni kizuri, lakini umahiri wa shabaha unachuja kama khanga. Risasi za mazoezi ni ghali, na sijaona mwajiri anayezinunua kwa hiari. Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Ofisa wa polisi anapokwenda kukagua ghala la silaha la kampuni, akishamaliza kuhesabu bunduki na risasi, afungue daftari la pili: jina la kila mlinzi, na tarehe aliyofyatua mara ya mwisho mbele ya mwalimu.