Daraja Lililoyumbishwa na Wapita Njia

Tarehe 10 Juni 2000, London ilifungua daraja jembamba la waendao kwa miguu juu ya Mto Thames. Makumi ya maelfu ya watu walimiminika kulivuka, na muda si muda sakafu ikaanza kwenda kushoto na kulia, hata wengine wakashika vyuma vya pembeni na kutanua miguu kama abiria wa mashua. Siku ya pili yake hali ilikuwa ileile. Tarehe 12 likafungwa. Maelezo yaliyoenea ni kwamba umati ulipiga hatua kama gwaride, mdundo wake ukakutana na wa daraja. Maelezo hayo, kwa maoni yangu, yanatanguliza tokeo mbele ya chanzo.

Gwaride kweli limewahi kuvunja daraja. Mwaka 1831 askari 74 wa Uingereza walivuka daraja la Broughton, karibu na Manchester. Walipohisi linadunda waliukazia mwendo, boliti likakatika, wengi wakatumbukia mtoni. Hakufa mtu. Kibao cha kuwaamuru askari waache kufuatisha hatua bado kipo kwenye daraja la Albert, juu ya Thames hiyohiyo. Lakini mwaka 2000 hapakuwa na kamanda wala ngoma. Wahandisi wa kampuni ya Arup, waliolisanifu daraja, walipolirudia tukio kwa makusudi, wakiongeza watembeaji kidogo kidogo, walifika watu 156 daraja likiwa limetulia. Kwa watu 166 likayumba vibaya. Kama kila mtu angeongeza mtikisiko wa kiasi chake tu, watu kumi wasingebadili kitu. Hapa pana kizingiti. Sakafu ikisogea kidogo, mtembeaji huuweka mguu pembeni zaidi asianguke, na mguu huo huisukuma sakafu kuelekea kulekule iendako. Daraja hupoteza nguvu hiyo kwa msuguano wake wa ndani, mpaka wasukumaji wawe wengi kuliko linavyomudu.

Mtu atasema picha za siku ile zinaonyesha vichwa vikiyumba pamoja. Ni kweli, na mwaka 2005 mwanahisabati Steven Strogatz na wenzake walionyesha kihesabu jinsi upatanifu huo unavyokua sambamba na mtikisiko. Hata hivyo utafiti wa mwanahisabati Igor Belykh na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021, unaonyesha kuwa daraja laweza kuanza kuyumba kila mtu akiwa na hatua yake. Kufuatana huja baadaye, sakafu ikishawalazimisha. Wala haikuwa ajabu ya London peke yake: daraja la bandari ya Auckland, New Zealand, liliyumba mwaka 1975 chini ya maandamano ya Wamaori ya kudai ardhi, nalo ni daraja zito la magari. Kanuni za ujenzi zilijali zaidi uzito unaokandamiza kuliko miguu inayosukuma pembeni, na hilo nalihesabu kuwa kosa la taaluma nzima.

Tiba yenyewe ni ushahidi kwamba shida ilikuwa kizingiti hicho, si mdundo. Wahandisi walifikiria kulikaza daraja ili kubadili mdundo wake, wakaacha. Badala yake walifunga chini ya sakafu vifaa 37 vinavyofanya kazi kama shokomzoba za gari, pamoja na vyuma vizito vilivyokaa juu ya springi, kwa gharama ya takriban pauni milioni 5. Tarehe 22 Februari 2002 watu wakaruhusiwa kuvuka tena, kila mmoja kwa mwendo wake.