Koma na Vigango

Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, koma ni jamaa aliyekufa ambaye bado anaidai familia yake: akumbukwe, amwagiwe tembo la mnazi. Kumchanganya na pepo ni kosa. Pepo hutoka nje, koma ni mtu wa ukoo. Ludwig Krapf, aliyeanzisha misheni ya Rabai mwaka 1846, aliliandika neno hili mapema: aliambiwa kwamba koma huwa mara kaburini, mara juu ya ardhi, mara katika radi.

Madai yenyewe huanzia ndotoni. Mzee humjia mwanawe usingizini akilalamikia baridi au kiu. Mtoto akiugua, mganga hupiga ramli na kutaja nani amesahauliwa. Hapo huchongwa kijiti kifupi na kuchomekwa ardhini karibu na nyumba, nacho huitwa koma vilevile, kwa hiyo neno moja humtaja marehemu na mti wake.

Aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye mali, hasa wa Wagiriama, mojawapo ya makabila ya Wamijikenda, hakutoshwa na kijiti. Yeye alistahiki kigango, ubao mrefu wa mti mgumu, wakati mwingine kupita kimo cha mtu, wenye kichwa cha duara au kilichochongwa uso, na mwili uliojaa pembetatu za nakshi. Hufungwa vitambaa, ambavyo ndivyo nguo zake.

Kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Familia ikihamia shamba jipya, chenyewe hubaki mahameni bila mlinzi, na wezi walilijua hilo. Kuanzia miaka ya 1970 mamia ya vigango yaliishia kwa wakusanyaji na makumbusho ya Marekani, yakiitwa sanaa, huku familia zilizoibiwa zikihusisha wizi huo na maradhi na ukame uliofuata.

Kurudisha kumekuwa kazi ngumu. Denver Museum of Nature & Science ilitoa vigango 30 mwaka 2014 ili virejeshwe Kenya, lakini wafanyabiashara hawakuandika vilitoka boma gani, na kigango kisicho na ukoo hakina wa kukihudumia. Viwili vilivyorudi kwa familia yao mwaka 2007 vilitambuliwa kwa sababu tu mwanaanthropolojia Monica Udvardy alikuwa amempiga picha mwenye boma akiwa navyo mwaka 1985, muda mfupi kabla havijaibiwa.