Kungoja Shambulio la Pili

Yako magonjwa yanayomfanya mtu aonekane mwongo. Jicho linafifia, mguu unakufa ganzi, kisha baada ya wiki chache hali inatengemaa. Akifika kwa daktari, haonekani kuwa na kitu. Wapo walioambiwa kuwa wanajidekeza.

Mwaka 1868, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, Jean-Martin Charcot alieleza ugonjwa mmoja wa namna hiyo. Alilinganisha dalili za wagonjwa na makovu aliyoyakuta katika ubongo na uti wa mgongo wao walipofariki. Leo unaitwa multipo sklerosisi. Kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika nyuzi za fahamu, na nyuzi hubaki kama waya wa umeme uliochunwa mpira.

Kwa zaidi ya miaka 100, aliyeyaona makovu hayo vizuri ni yule aliyepasua maiti. Kwa mgonjwa aliye hai, daktari alitakiwa kuthibitisha kwamba ugonjwa umegusa mahali zaidi ya pamoja, tena umekuja zaidi ya mara moja. Mgonjwa akaambiwa angoje shambulio la pili. Wengine walingoja miaka.

Mwaka 1981, katika hospitali ya Hammersmith mjini London, Ian Young na wenzake waliwapima wagonjwa 10 kwa mashine mpya ya sumaku, ambayo leo twaiita MRI. Kipimo cha CT kilikuwa kimeonyesha makovu 19. Sumaku ilionyesha mengine 112.

Mwaka 2001, jopo la wataalamu chini ya Profesa Ian McDonald lilikubali kwamba kovu jipya katika picha ya baadaye laweza kushika nafasi ya shambulio la pili. Mwaka 2010 ilikubaliwa kwamba hata picha moja yaweza kutosha: mgonjwa hudungwa dawa ya gadoliniamu, makovu mabichi yakang'aa, ya zamani yasing'ae.

Haraka hiyo ina maana. Tangu 1993 ziko dawa za kupunguza mashambulio. Haziponyi, ila husaidia zaidi zikianzwa mapema.

Hata hivyo tusiiabudu mashine. Madoa katika ubongo huletwa pia na shinikizo la damu, kipandauso na uzee, na wapo waliotibiwa ugonjwa wasiokuwa nao. Picha ni shahidi mzuri, lakini daktari hana budi kumsikiliza kwanza mgonjwa.