Bentley iliyofikishwa mahakamani: historia ya ubishi juu ya uhalisi wa magari ya mbio

Mwaka 1990 Mahakama Kuu jijini London ilitakiwa kuamua jambo ambalo kwa kawaida hubishaniwa na mafundi gereji: je, gari hili ndilo lenyewe? Gari hilo ni Bentley Speed Six iliyopewa jina la Old Number One. Mnunuzi alikubali kulinunua kwa pauni milioni 10, kisha akakataa kulipa kwa madai kwamba aliloletewa silo lililoshinda mbio za Le Mans. Muuzaji akamshtaki.

Mnunuzi alikuwa na hoja. Gari hilo lilishinda saa 24 za Le Mans mwaka 1929 likiendeshwa na Woolf Barnato na Tim Birkin, likashinda tena mwaka 1930, safari hiyo Barnato akiwa na Glen Kidston. Kila lilipotoka mbioni, kilichochakaa kilitupwa na kipya kikafungwa, maana timu ilitafuta ushindi na hakuna aliyewaza makumbusho. Mwaka 1932 lilifungwa injini ya lita 8 na kupelekwa kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands, ambako Clive Dunfee alipitiliza nalo juu ya ukingo wa njia na kufa papo hapo. Barnato akaagiza liundwe upya, safari hii liwe gari la kutembelea.

Mahakamani lilichambuliwa kipande kwa kipande. Kwa gari la mwaka 1929, hakikubaki kitu. Kwa la mwaka 1930, vilibaki vitu vitatu tu: shafti ya pedali, kasha la giaboksi na nguzo ya usukani. Fremu, ekseli ya mbele na injini vilikuwa vya 1932. Hata hivyo Jaji Otton aliamua kwamba hilo ndilo Old Number One halali. Kwa maoni yake, gari lile halikuwahi kutoweka wala kufumuliwa likaisha. Lilibadilika hatua kwa hatua, na hakuna gari jingine duniani linaloweza kudai jina hilo. Mnunuzi akashindwa kesi.

Hukumu ile, kwangu mimi, ni ya haki. Gari la mbio lisilowahi kubadilishwa kitu ni gari ambalo halikushindana sana.

Ubishi wenyewe ulianza zamani kuliko kesi hiyo. Waingereza waliopenda magari ya miaka ya 1920 walianzisha chama chao, Vintage Sports-Car Club, mwaka 1934, na baadaye mstari ukawekwa: gari liwe limeundwa kabla ya 1931. Kimataifa, shirikisho la mbio za magari, FIA, lina kanuni zake za magari ya zamani zinazoitwa Kiambatisho K. Gari hupewa pasi ya kiufundi inayoeleza lilivyokuwa enzi zake, na wakaguzi hulilinganisha na pasi hiyo. Kipuri kipya kinakubalika kikifuata umbo na vipimo vya kile cha awali. Lakini pasi hiyo haithibitishi historia ya gari. Inasema tu kwamba limeundwa sawasawa na la wakati ule, na hapo ndipo wanunuzi wengi huponzwa.

Kanuni isiporuhusu kipuri kipya, mbio za magari ya zamani zitakufa. Kiwanda kilishafungwa au kimeacha kuunda mtindo huo, na silinda bloku iliyopasuka hairudi dukani. Kwa hiyo zimezuka karakana zinazopima kipande cha zamani, kutengeneza kalibu na kumimina kipya. Jaguar yenyewe ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1963 ilitenga namba 18 za chasisi kwa ajili ya E-type nyepesi za mbio, ikaunda magari 12 tu. Mwaka 2014 ikatangaza kuunda sita zilizobaki, nusu karne baadaye.

Uadimu wa magari haya pia umeleta tamaa. Ferrari 250 GTO ziliundwa 36, na moja iliuzwa mnadani mwaka 2018 kwa zaidi ya dola milioni 48. Bei ikifika hapo, magari mawili huweza kudai namba moja ya chasisi: moja limebaki na fremu, jingine limebeba injini. Kinachoamua hapo ni nyaraka: risiti, picha, daftari la fundi.

Afrika Mashariki tuna hisa katika jambo hili. Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda mbio za Safari Rally za 1965 kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Safari yenyewe ilianza 1953, na tangu 2003 kuna East African Safari Classic Rally ya magari ya zamani. Björn Waldegård, aliyekuwa wa pili katika Safari ya 1974 kwa Porsche 911, alishinda Classic ya 2011 kwa gari la aina hiyo hiyo. Porsche haikuwahi kushinda Safari katika enzi zile.

Kama nyumbani kwenu, iwe Nairobi, Kampala au Arusha, kuna Datsun, Peugeot au Escort iliyowahi kupita Safari, msitupe kadi yake wala picha za zamani. Mwulizeni mzee aliyehudumia gari hilo alibadilisha nini na mwaka gani, na mwandike majibu yake angali hai.