Istilahi za Msingi katika Kuskani Nyaraka

Huduma nyingi za umma, zikiwamo maombi ya ajira serikalini na ya mikopo ya elimu ya juu, sasa humtaka mwombaji kuwasilisha nakala za vyeti kwa njia ya mtandao. Nakala isiyosomeka inaweza kumkosesha mwombaji haki yake, hata kama cheti halisi ni kizima. Ufafanuzi ufuatao unahusu istilahi anazokutana nazo mtumiaji wa skana.

Pikseli: Ni nukta ndogo kabisa inayounda picha ya kidijitali. Kila pikseli hubeba rangi moja tu.

Rezolusheni: Ni idadi ya pikseli katika kila inchi ya karatasi, na kwenye skana huandikwa DPI. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa DPI 300 huwa na pikseli 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, yaani takribani milioni 8.7. Kwa DPI 600 idadi hiyo huongezeka mara nne, kwa kuwa upana na urefu hukua kwa pamoja. DPI 300 hutosha kwa maandishi ya kawaida. Kuongeza DPI kwa programu baada ya kuskani hakurejeshi herufi ambazo skana haikuzinasa.

Kina cha rangi: Ni idadi ya biti zinazotunza rangi ya kila pikseli. Biti 1 hutoa nyeusi na nyeupe pekee, biti 8 hutoa viwango 256 vya kijivu, na biti 24 hutoa rangi zaidi ya milioni 16. Kabla ya kubanwa, ukurasa wa A4 wa DPI 300 huchukua takribani megabaiti 1, 9 na 26, kwa mfuatano huo. Cheti chenye muhuri kiskaniwe kwa rangi, kwani katika nyeusi na nyeupe muhuri uliofifia unaweza kutoweka kabisa.

Ubanaji: Ni kupunguza ukubwa wa faili. JPEG hupunguza kwa kutupa sehemu ya taarifa za picha, na ubora hushuka kila faili inapohaririwa na kuhifadhiwa upya. TIFF inaweza kuhifadhi picha bila kupoteza chochote. PDF hukusanya kurasa nyingi katika faili moja. Aina yake ya PDF/A, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2005, imekusudiwa kwa hifadhi ya muda mrefu.

Utambuzi wa maandishi: Kwa kifupi huitwa OCR. Ni kazi ya programu kugeuza picha ya herufi kuwa maandishi yanayoweza kutafutwa. Hufanya vizuri kwa maandishi yaliyochapwa, lakini mwandiko wa mkono huitatiza.

Metadata: Ni taarifa zinazoieleza faili, kama vile kichwa, tarehe na namba ya jalada. Kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zilizopo Nyaraka za Taifa, zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 1997 katika Kumbukumbu ya Dunia, zina kurasa za mwandiko wa mkono. Kwa nyaraka za namna hiyo, metadata ndiyo njia kuu ya kuzipata.

Kabla ya kuwasilisha nakala, mwombaji aikuze kwenye kioo na kuhakikisha kuwa majina, namba, saini na mihuri vinasomeka. Faili ikizidi ukubwa unaoruhusiwa, ni vyema kuskani upya kwa DPI 200 kuliko kuibana kupita kiasi. Cheti halisi kiendelee kutunzwa.